Dada, Nikopee Kamera (Sehemu ya 4)

Leo presha na kisukari tuviweke pembeni kidogo.

Mdogo wangu anapiga picha za harusi na vipaimara hapa Bariadi. Juzi kanijia: "Dada, nichukulie mkopo wa watumishi ninunue fulu-fremu mpya. Bei zinashuka kila mwaka. Watu wakishauza pamba harusi zitakuwa nyingi, nitakurudishia." Najua watumishi wengi mnaombwa hivi hivi, ndiyo maana jibu nalitoa hapa.

Kwanza, dogo hajadanganya kuhusu ubora. Fulu-fremu ina kihisi cha mwanga cha milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya mkanda wa zamani. Eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya kile cha kamera wanazoanzia wengi. Ukumbi ukiwa na taa mbili tu, picha inatoka safi zaidi.

Kwenye bei ndipo tunapishana. Mwaka 2002 Canon 1Ds ilitoka kwa karibu dola 8,000. Mwaka 2012, mkoa wetu wa Simiyu ulipoanzishwa, Canon 6D ilitoka kwa dola 2,099. Mwaka 2019 ikaja RP kwa dola 1,299. Kweli zilishuka. Lakini mwaka 2023 ikaja R8 kwa dola 1,499. Umeona? Imepanda.

Sababu ni hiyo simu uliyoshika. Mwaka 2010 viwanda vilisafirisha kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120 duniani. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Mwenye kiwanda akibaki na wateja wachache, anawalenga wenye hela. Mimi sitegemei tena bei ya mpya iporomoke kama zamani.

Sasa tupige hesabu. Dola 1,499, tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, ni kama milioni 3.75. Hapo ni bodi peke yake, bila lenzi, usafiri wala ushuru. Harusi moja inamwachia dogo laki na nusu mkononi. Yaani harusi 25, na hajala! Mvua ikikataa, pamba ikayumba, makato yatabaki kwenye mshahara wangu.

Ushauri wangu: nunua mtumba. Dunia imehamia kamera zisizo na kioo ndani, kwa hiyo zile za kioo, kama 6D na 5D Mark III, zimeshuka sana. Kihisi chake ni ukubwa uleule. Kabla ya kulipa, ulizia imeshapiga picha ngapi, ijaribu mwenyewe, na hela inayobaki weka kwenye lenzi nzuri. Bwana harusi wa Bariadi picha zake atazitazama WhatsApp, hatauliza kamera ni ya mwaka gani.

Kwa hiyo mdogo wangu, mkopo sichukui. Ila zamu yangu ya kijumbe ikifika, nitakuchangia ya mtumba.

Wenzangu, ninyi mngekopa?