Kupona kansere si mwisho: Leta isiwaache wamama wetu na vidonda vya mionzi

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Uvira na Butembo,

Leo tunaongelea jambo ambalo nyumbani linasemwa kwa sauti ya chini: choo. Mwenye haya aone haya, lakini asome mpaka mwisho.

Mama anapata kansere ya shingo la kizazi. Familia inauza shamba, inakopa, inamuvusha mupaka kwenda Kigali ao Kampala kutafuta mionzi, juu huku kwetu Kivu mashini haiko. Anarudi, tunaimba, tunamushukuru Mungu. Mwaka unapita. Kisha anaanza kukimbia chooni mara nane kwa siku. Damu inatoka. Hawezi tena kupanda taksi kwenda soko bila kubeba kikwembe cha kubadilisha. Anaacha kanisa. Anaogopa hata kula.

Majirani wanasema: karuho, wamemupa sumu. Kituo cha afya kinamupatia dawa ya amiba, leo, kesho, tena na tena. Hakuna anayemuuliza: mama, uliwahi kupigwa mionzi?

Tuseme wazi: hii si sumu, si laana, na haiambukizi. Shingo la kizazi na utumbo ni majirani. Mionzi inayoua kansere inagusa utumbo pia na kuharibu mishipa yake midogo ya damu. Shida inaweza kutokea miezi ao miaka kisha matibabu. Hatusemi mama akatae mionzi: inaokoa maisha. Tunasema kuokoa maisha na kumuacha mutu chooni, hiyo ni kazi ya nusu.

Na matibabu yako. Damu kidogo mara nyingi inapungua yenyewe. Sukralfate, dawa ya vidonda vya tumbo, inachanganywa na maji na kuingizwa kwa njia ya haja kubwa. Damu ikizidi, munganga anaingiza kamera na kuchoma mishipa ile kwa gesi ya argoni. Kuharisha kukitokana na nyongo, kuko dawa ya kuishika. Lakini kwanza achunguzwe, kwa sababu damu inaweza pia kuwa kansere imerudi. Na munganga asikate kipande cha utumbo ule ovyo: anaweza kufungua tundu, fistula.

Fistula! Neno hilo lilifichwa nyuma ya nyumba. Hospitali ya Panzi ya Daktari Mukwege, iliyoanza 1999, imetibu wamama wengi sana wa fistula, na leo tunalitaja redioni bila kutetemeka. Haya ilishindwa mara moja. Itashindwa tena.

Watatuambia: kwanza vita, kwanza kolera. Sisi tunauliza: mama huyu akikimbia vita akafika kambini, kwenye choo kimoja cha watu wengi na foleni ndefu, atafanya nini? Vita haifuti ugonjwa wake, inauzidisha.

Katiba yetu, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Mwaka 2001, kule Abuja, nchi za Afrika ziliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Wakubwa wakiugua wanapanda ndege. Wamama wetu wanapanda deni.

Tunadai:
1. Kila mama aelezwe hatari hii mbele ya mionzi, na arudi nyumbani na karatasi inayosema alitibiwa nini.
2. Waganga na wauguzi wa vituo wafundishwe kuuliza swali la mionzi mbele ya kuandika dawa ya amiba.
3. Hospitali kubwa za Kivu zipate kamera, mashini ya argoni na dawa, kwa bei ambayo muuza ndizi anaweza kulipa.
4. Chanjo na uchunguzi wa shingo la kizazi vifike mitaani, ili wachache zaidi wahitaji mionzi.

Na wewe unayesoma: leo jioni ongea na mama, shangazi, bibi. Ukisikia damu, usicheke, usimupeleke kwa muganguzi. Musindikize hospitali.

Haya si ya mugonjwa. Haya ni ya Leta inayomunyamazia. Sisi hatutanyamaza.