Kunguru Juu ya Theluji

Kijana mmoja wa hapa Mbweni, tuliyemsomesha madrasa, amerudi kutoka Kilimanjaro na picha ya kunguru mwenye shingo nyeupe juu ya theluji. Theluji imetoka kijivu, mfano wa majivu ya jikoni, naye kahuzunika. Sababu ni kuwa kamera ionapo weupe mwingi hudhani nuru imezidi, ikaipunguza. Basi mpiga picha hana budi kuiongeza mwenyewe. Betri nazo hudhoofika kwa baridi, hivyo huhifadhiwa ndani ya nguo, karibu na mwili. Na aingiapo penye joto asiitoe kamera mkobani upesi, vioo visije vikatanda unyevu.

Rafiki zake walimshauri amtie chui kwa kompyuta. Kweli, mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch alimkuta chui kule, amekufa na kuganda karibu na ukingo wa kreta ya Kibo. Lakini huyo alikuwako! Tukamwambia, "Mwanangu, wewe ulimwona kunguru, tuonyeshe kunguru."

Amerekebisha nuru tu. Sasa ndege yule aonekana mweusi kwelikweli, na theluji ni nyeupe.