Mzazi aliyepasuliwa asirudishwe nyumbani bila maelezo



Nafikisha kilio hiki kwa Wizara ya Afya na waganga wakuu wa mikoa. Wanawake wanaojifungua kwa upasuaji wanapewa ruhusa bila kuelezwa namna ya kujiuguza.

Mwezi uliopita mke wa mwanangu alijifungua hivyo katika hospitali moja ya umma mkoani kwetu. Alitoka salama na mtoto wake, na kwa hilo nawashukuru sana madaktari. Lakini siku ya ruhusa tulipewa karatasi ya Kiingereza, vidonge vya maumivu, na neno moja: mrudi baada ya wiki. Muuguzi alikuwa peke yake na wodi nzima, wala simlaumu yeye.

Tulipofika nyumbani, shangazi yake mwanangu alikuwa ameshateleka maji ya kumkanda. Anafanya hivyo kwa mapenzi, kama alivyofanyiwa yeye. Ila maji ya moto na kukandamizwa tumbo juu ya mshono mbichi ni kuunguza ngozi na kufumua kidonda. Ubishi ulikuwa mkubwa, na mgonjwa mwenyewe analia. Jamani, hospitali haijui kwamba wazazi wanakandwa? Wauguzi wamekulia nyumba hizi hizi. Kwa nini hakuna anayelitamka?

Kidonda cha upasuaji mara nyingi hutunga usaha mtu akiwa ameshatoka hospitalini. Maana yake wa kukiona ni sisi. Basi tuambiwe: akipata homa, kidonda kikivimba au kutoa majimaji yenye harufu, damu ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, kichwa kikimuuma sana na macho yakaona ukungu, mguu mmoja ukivimba na kuuma, arudishwe saa hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki. Tuambiwe kwamba asibebe ndoo, lakini atembee taratibu, kwa kuwa kulala kutwa huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Huku kwetu mzazi hufungiwa ndani.

Tena aelezwe kwa nini alipasuliwa. Mkwe wangu hajui mpaka leo. Atajuaje, basi, kwamba inafaa apumzike walau miaka 2 kabla ya kushika mimba nyingine, na kwamba mimba hiyo asijifungulie nyumbani, maana kovu la tumbo la uzazi linaweza kuachia akiwa kwenye uchungu?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka hospitali, kabla ya kumruhusu mama, ijiridhishe kwamba anaweza kujitunza, na kwamba yeye na wanaomsaidia wanaweza kumtunza mtoto. Sisi hakuna aliyetuuliza lolote.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Siku ya ruhusa, muuguzi aketi na mzazi pamoja na yule atakayemhudumia nyumbani, awe mama, mkwe au mume, kwa sababu mwenye kuteleka maji ndiye anayepaswa kusikia. Waondoke na karatasi ya Kiswahili yenye dalili za hatari na namba ya simu ya wodi. Wizara itoe agizo hilo kwa hospitali zote, na waganga wakuu wa mikoa watutangazie litaanza lini.

Mama mkwe,
Morogoro