Gari Lililoshushwa na Pine Zinazolika kwa Ndani



Juma hili ukurasa wetu wa makuta ya nyumba unaingia garajini. Tunajua kuna atakayesema kwamba mambo ya gari ni ya wanaume. Lakini hapa Mapendo kuna mama aliyenunua gari la teksi kwa franga ya likelemba. Kuna mwingine ambaye gari ni la kijana wake, lakini siku pine zinakwisha, ni yeye mama anayeombwa franga. Anayelipa anapaswa kujua analipia nini.

Kuna vijana wanaopenda gari likae chini, karibu na barabara. Wanaweka resori fupi, ao wanakata zile za zamani. Kuna pia gari lililoshuka bila mtu kulishusha: resori zake zimechoka kwa kubeba watu wengi na mifuko ya maharagi miaka na miaka. Kwa upande wa pine, hayo mawili ni ndugu.

Angalia kiatu cha mtoto anayekanyaga upande. Kisigino kinalika upande mmoja, upande mwingine ungali mzima, na kiatu kinatupwa kabla ya wakati wake. Gari likishuka, mara nyingi magurudumu nayo yanainama: juu yanaingia ndani, chini yanatoka inje. Gari linaanza kukanyaga kwa ukingo wa ndani. Tena, vyuma vinavyogeuza magurudumu vinavutwa ao vinasukumwa, na magurudumu mawili ya mbele hayaangalii tena njia moja. Hili la pili ndilo linalokula pine haraka. Milimeta chache tu zinatosha: pine inazunguka huku inaburuzwa kwa upande, kama chukudu yenye gurudumu la mbele lisilonyooka. Kazi ya kuyarudisha magurudumu sawa ndiyo mafundi wanaita paralelismu.

Hatari ni kwamba ukingo wa ndani hauonekani. Ukisimama kando ya gari unaona pine nzuri, kumbe ndani nyuzi za chuma zimeanza kutokea. Pine ya namna hiyo inaweza kupasuka gari likiwa mbio, na watoto wako wamekaa nyuma.

Kwa hiyo, mara moja kwa juma, omba shofere asimamishe gari mahali pa sawa, ageuze volani mpaka mwisho, azime moteri na avute breki ya mkono. Gurudumu la mbele litakuonyesha sehemu yake ya ndani. Tazama kwanza kwa macho. Ukiona nyuzi, usiguse: pine hiyo haifai tena, na gari lisitoke. Kama hakuna nyuzi, pitisha kiganja polepole kutoka ndani kwenda inje, kisha ukirudishe. Kama upande mmoja wa safari ni laini na kurudi kunakwaruza kama msumeno, magurudumu hayaangalii njia moja. Kama mifereji imekwisha upande wa ndani peke yake, paralelismu inahitajika. Ishara nyingine ni volani kukaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja, ao gari kuvuta upande mmoja.

Sasa, usikimbilie kulipa. Kuna mambo matatu yanayotangulia.

Kwanza ni upepo wa pine. Kiasi chake kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi mlangoni kwa shofere. Upimwe asubuhi, pine zikiwa baridi.

Pili, gari linyanyuliwe na fundi atikise kila gurudumu. Aangalie rotile, amortisere, na kauchu zinazoshika mikono ya magurudumu. Kitu kinachocheza kibadilishwe kwanza. Paralelismu juu ya rotile iliyolegea ni kumwaga maji katika ndoo yenye tundu.

Tatu, muamue gari litakaa kwa urefu gani. Kama mnaweka resori mpya, ziwekwe mbili kwa pamoja, kushoto na kuume. Acheni gari litembee siku chache ili resori zikae, ndipo mpeleke kwa paralelismu. Kupima leo na kubadili resori kesho ni kulipa mara mbili.

Garajini, fundi anaweza kutumia mashine, ao kamba na mita. Kamba si mbaya kama mkono wake umezoea. Lakini mahali pawe sawa kabisa. Katika parseli yenye mawe ya volkano, gurudumu moja likiwa juu na lingine chini, kipimo kinadanganya. Muulize: "Fundi, umepima pia namna gurudumu linavyoinama?" Kuinama kunatengenezwa kwanza, mwelekeo wa mbele unafuata, kwa sababu ukigusa kuinama, mwelekeo nao unageuka. Magari mengi madogo hayana nafasi ya kutengeneza kuinama bila kuweka buloni za pekee. Kama gari limeshuka sana, fundi mwaminifu atakuambia: mama, tulirudishe juu kwanza. Mwombe aandike kwenye karatasi vipimo vya kabla na vya nyuma ya kazi. Kisha pandeni pamoja mtembee kidogo. Volani ikae sawa, gari lisivute.

Na sisi tunasema wazi: kwa teksi ya Goma, gari la chini halifai. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na mpaka leo njia nyingi za mitaa ni mawe hayo makali. Gari la chini linapiga tumbo, na pigo moja gumu linaweza kuharibu paralelismu iliyofanywa asubuhi ileile. Resori iliyokatwa kwa moto ni mbaya zaidi: chuma kinapoteza nguvu yake, na resori inaweza kuvunjika ao kutoka mahali pake.

Kijana anayependa gari la chini tusimtukane. Mama akae naye, wahesabu pamoja: pine mbili za mbele ni franga ngapi, zilidumu miezi mingapi, na gari likirudishwa juu zitadumu miezi mingapi. Hesabu inasema vizuri kuliko ugomvi.

Kwa vikundi vyenye gari la pamoja, fungueni daftari. Andikeni tarehe ya kununua pine, tarehe ya paralelismu, na kilometa zilizosomwa siku hiyo. Mpatane na shofere mapema: nani analipa pine, nani analipa paralelismu, na ni siku gani ya juma pine zinatazamwa. Kama pine zinakwisha upesi, daftari litaonyesha kama ni gari, ni barabara, ao ni mzigo kupita kiasi.

Mama mwenye gari asiridhike na franga inayoletwa jioni. Kila juma ainame, atazame upande wa ndani wa pine.