Uteuzi wa Mfumo Mwenyeji: Hoja kwa Wajenzi wa Mfumo Endeshi wa Kiswahili

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wadau wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa makubwa, lakini ilikuwa kazi ya tafsiri: Kiswahili kiliwekwa juu ya kitu kilichokwisha kujengwa. Anayekusudia kuujenga mfumo endeshi wenyewe kutokana na msimbo chanzo hukabiliwa kwanza na swali jingine, yaani mfumo upi uliopo uwe mwenyeji wa ujenzi huo.

Swali hilo halikwepeki, kwani kompaila haijengwi pasipo kompaila nyingine. Katika utaratibu wa Linux From Scratch, ulioasisiwa na Gerard Beekmans mwaka 1999, mjenzi hutenga sehemu ya diski, hujenga zana za muda zisizofungamana na maktaba za mwenyeji, kisha huingia katika mfumo mpya na kuukamilisha kutoka ndani. Hata hapo, kiini cha mwenyeji ndicho kinachoendesha mashine hadi mfumo mpya utakapowashwa kwa kiini chake.

Inaweza kudaiwa kwamba mwenyeji afaaye ni yule mwenye sura ya Kiswahili. Dai hilo lina mvuto lakini halina mashiko. Wakati wa ujenzi, mjenzi hutakiwa kuweka lugha ya mazingira ya kazi katika hali ya POSIX, ili lugha ya mwenyeji isiathiri matokeo. Kiswahili cha mwenyeji, basi, hakirithiwi. Kitakuwamo katika mfumo mpya iwapo tu mjenzi amekitia, mathalani kwa kuzalisha mazingira ya sw_TZ au sw_KE, ambayo tayari yamo katika maktaba ya glibc.

Kinachopaswa kupimwa ni uthabiti. Unguja hutegemea umeme unaopitishwa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Hitilafu ya mwezi Desemba 2009 ilikiacha kisiwa bila umeme huo hadi Machi 2010. Hata katizo la dakika moja lina gharama. Mwenyeji anayeendeshwa kutoka katika CD bila kusakinishwa hupoteza mazingira yake yote ya kazi, ingawa yaliyokwisha kuandikwa diskini husalia. Kwa hiyo afaaye ni mwenyeji aliyesakinishwa, mwenye zana za matoleo yanayotakiwa, na misimbo yote ipakuliwe kabla ya kazi kuanza.

Wanaisimu wana mfano wa karibu zaidi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikiteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Lugha sanifu haikuweza kujitenga na lahaja iliyoilea, na hoja za watetezi wa Kimvita hazijafa hadi leo. Mfumo endeshi una nafasi ambayo lugha haikuwa nayo: zana za muda zikijengwa ipasavyo, unaweza kuachana kabisa na uliousaidia kuzaliwa.

Kwa mintarafu hiyo, istilahi ya mwenyeji ni sahihi. Mgeni hutumia vyombo vya mwenyeji, kisha huaga. Mwenyeji bora ni yule anayetegemeka wakati wa kazi na kuachika baada ya kazi. Ama Kiswahili, hakina budi kutiwa na wenyewe ndani ya msimbo, si kutarajiwa kutoka kwa mwenyeji.