Damu Yetu, Risiti Yao

Watu wangu wa Kwale, leo sina vichekesho. Ugonjwa ni wetu, sasa mbona utafiti wake unaamuliwa Washington?

Miaka na miaka watafiti wa vyuo vya Marekani wamekuja Msambweni na Ukunda kuchunguza kichocho, dengi na chikungunya. Wanapima damu na mkojo wa watoto wetu, wanahesabu mbu kwenye ndoo na matairi yetu. Pesa nyingi hutoka NIH, taasisi ya afya ya serikali yao. Chuo cha kule kilikuwa kinapewa ruzuku, halafu kinakata fungu kinawatumia washirika wa huku.

Januari 20, 2025 Trump akaapishwa. Siku hiyohiyo akasimamisha misaada ya nje na kutangaza kuitoa nchi yake WHO. Mei 1, NIH ikasema hakuna mafungu mapya ya namna hiyo kwenda nje mpaka itunge utaratibu mwingine. Julai 1, USAID ikafungwa. Mbu wa Ukunda hakupiga kura, lakini ndiye aliyeshinda.

Kuna mtu atasema, "Si ni pesa zao?" Ndiyo, ni zao! Hasira yangu inaenda Nairobi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti. Hata nusu yake hatujafika. Sheria tumetunga wenyewe, tukaifungia kabatini. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu hata ndugu si.

Na msiniambie utafiti hausaidii. Jaribio la dawa ya ivermectin lilifanywa hapahapa Kwale, na matokeo yakatoka 2025: watoto wa miaka 5 hadi 15, maambukizi ya malaria yalipungua kwa asilimia 26, juu ya kinga ya neti. Waliomeza vidonge ni watu wa vijiji vyetu. Aliyelipa? Unitaid, shirika la Geneva. Hata ushindi wetu una risiti ya mtu mwingine.

Mimi chuo niliacha, lakini hesabu ya asilimia 2 naiweza. Wagombea wa 2027 wakija Kona ya Musa na leso zao, pokea leso, kisha uliza: Marekani wakibadilisha rais tena, nani atahesabu mbu Msambweni? Asiye na jibu, kura hana.