Tusingoje Kompyuta Mpya, Adapta Yatosha

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tunaipenda sana katika insha zetu, lakini ikija saa ya kununua vifaa vya shule twaisahau. Kila muhula nasikia maneno yale yale: ati kompyuta za mezani maabarani ni kuukuu, ati hazina Bluetooth, basi tungoje mpya. Mimi napinga. Kompyuta inayowaka na kutoa sauti bado ina kazi. Kinachokosekana ni adapta ya Bluetooth, kijidude kisichozidi ukucha wa kidole gumba, ili hedifoni zisizo na waya ziweze kutumika.

Mtauliza, haya yanahusuje chama cha Kiswahili? Yanahusu sana, manake fasihi simulizi ni ya kusikiwa. Tunakariri sifa za ngano, nyimbo na maghani kwa ajili ya mtihani, ilhali wengi wetu hatujapata kusikia hata utendi mmoja ukighanwa. Spika zikifunguliwa, darasa jirani hulalamika, na ni haki yao. Hedifoni za waya nazo hupita mikononi mwa wengi, na muda si muda waya umekatika pale kwenye plagi.

Kazi yenyewe haihitaji fundi. Chomeka adapta katika tundu la USB. Windows 10 na 11 kwa kawaida huitambua zenyewe. Mashine ya zamani zaidi huenda ikadai programu ya adapta hiyo. Kisha shikilia kitufe cha hedifoni mpaka taa imetemete. Fungua mipangilio ya Bluetooth kwenye kompyuta, chagua kuongeza kifaa, na jina la hedifoni likitokea libofye. Mwisho, hakikisha hedifoni ndiyo iliyochaguliwa kutoa sauti. Wengi hukwama hapa, wakasema kifaa ni kibovu.

Aidha, sauti ikikatikakatika usiilaumu adapta upesi. Mawimbi yake ni ya gigahazi 2.4, masafa yanayotumiwa pia na Wi-Fi. Ikichomekwa nyuma, kasha la chuma la kompyuta huweza kuyazuia. Ihamishie tundu la mbele, nawe usikae mbali. Mita 10 hivi ndiyo kadiri yake. Tena, maikrofoni ya hedifoni ikitumika, mara nyingi sauti hushuka ikawa kama ya simu. Kwa kusikiliza tu, iache.

Najua wako watakaosema kwamba wanafunzi watasikiliza miziki badala ya tendi. Jamani, hata redio hupiga miziki, na hatujaipiga marufuku. Dawa ni utaratibu. Hedifoni ziwe za shule, zifungiwe kabatini, viongozi wa chama wazichaji, na kila anayechukua atie sahihi.

Nasisitiza ziwe za shule kwa sababu moja. Jina Bluetooth latokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, anayekumbukwa kwa kuwaunganisha Wadenmaki. Lilipendekezwa mwaka wa 1997 kwa vile teknolojia hiyo ilikusudiwa kuunganisha vifaa vya aina mbalimbali. Itakuwa aibu kifaa chenye jina hilo kije kututenga, mwenye hedifoni yake kutoka nyumbani asikie, na asiye nayo abaki akitazama midomo ya wenzake.

Basi walimu wetu, hatuombi maabara mpya. Tuanze na kompyuta mbili, adapta mbili na hedifoni mbili, tuone muhula mmoja. Asiyekubaliana nami na ashike kalamu, anijibu katika toleo lijalo.